Kinachokula Betri Tunapocheza Pamoja

Wanafunzi wa zamani watacheka wakiona ukurasa wa Kiswahili umeacha methali na kuingia katika michezo ya simu. Lakini hili ni somo la umeme lile lile walilofundishwa wao, na linatugusa wakati wa likizo. Simu ya nyumbani ndiyo yenye fedha za mama na habari za wagonjwa, na mahali pasipo umeme huchajiwa dukani kwa malipo. Mtoto akiimaliza kwa mchezo, nyumba nzima hubaki gizani.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya mAh 5000, yenye volti 3.85, ina wati-saa 19 hivi. Tuseme mchezo unakula wati 4: betri haifikishi saa 5. Ukipunguzwa hata wati 2.5, itafika saa 7 na nusu. Basi yatupasa kujua wati hizo huenda wapi.

Watu wote hulaumu kioo na picha, na kweli hula sana. Punguza mwanga wa kioo; kisha katika mipangilio ya mchezo shusha picha kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde, maana hapo simu inachora nusu ya kazi. Hayo yanajulikana.

Mlaji tusiyemwona ni redio iliyo ndani ya simu. Ukituma ujumbe wa maneno, redio huamka, hutuma, hungoja sekunde chache, kisha hulala. Lakini katika Free Fire wamo watu 50, na katika PUBG Mobile huweza kufika 100. Kila hatua ya mmoja sharti iwafikie wengine, kwa hiyo simu hutuma na kupokea vipande vidogo vya habari mara nyingi kila sekunde. Habari yenyewe ni haba, ila redio hainyimwi chakula bali usingizi. Na mnara ukiwa mbali, simu hulazimika kupaza sauti, kama mtu aitaye ng'ambo ya bonde. Ndiyo sababu yule achezaye nyuma ya kilima huzimikiwa mapema kuliko mwenzake aliye karibu na mnara, ingawa simu zao ni za aina moja. Naona kuhama mahali pa kukaa kwafaa kuliko kufunga programu kumi.

Kucheza huku simu ikichajiwa si dawa: joto huzeesha betri ya lithiamu.

Penye waifai tumieni hiyo, kwa kuwa safari ya redio ni fupi. Isipokuwapo, na mko wanne, mmoja akae penye mtandao mzuri awagawie wenzake. Watatu watapumzika na mnara. Anayegawa ndiye huishiwa upesi, kwa hiyo badilishaneni kila mchezo ukiisha, na mwenye betri chakavu asipewe zamu.