SOMO LA WIKI: Ukikodi gari la mizigo, wizi ukitokea anayelipa ni nani?

Wafanyabiashara wengi wa mtaji mdogo hawana magari yao wenyewe. Anayenunua mzigo wa jumla Kariakoo na kuupeleka Bagamoyo, Chalinze au Morogoro hukodi Hiace au kirikuu kwa siku moja au mbili, akapakia na kuondoka. Utaratibu huu una faida, kwa kuwa fedha hubaki kwenye bidhaa badala ya kulala kwenye gari. Hata hivyo, una hatari ambayo haionekani kwenye daftari mpaka siku inapotokea. Mtu huyo anatembea na mali mbili kwa wakati mmoja: mzigo wake, na gari la mwenzake.

Mlango ukivunjwa usiku, au gari likiondoka na mzigo wote, swali linalofuata mara moja ni nani atalipa. Wiki hii tuliangalie jambo hilo kwa utaratibu.

HESABU YA HASARA

Tuchukue mfano. Mzigo una thamani ya Sh. 6,000,000/-. Baada ya kulipa kodi ya gari, mafuta na vibarua, faida ya safari moja ni Sh. 300,000/-. Mzigo huo ukiibwa mara moja tu, zinahitajika safari 20 kurudisha fedha hiyo, tena bila kuchukua hata senti ya matumizi ya nyumbani. Kwa anayefanya safari mbili kwa wiki, hizo ni wiki kumi za kufanya kazi bure. Na hapo gari la mwenzake halijahesabiwa.

Kwa hiyo gharama ya ulinzi, yaani kufuli, maegesho yenye mlinzi na bima, iingizwe kwenye bei ya bidhaa kama inavyoingizwa mafuta. Anayeiacha nje ya hesabu anajidanganya kuhusu faida yake.

SHERIA INASEMAJE

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa sheria ya India ya 1872. Sheria hiyo inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake ya namna hiyo hiyo. Akifanya hivyo, na mali ikapotea au kuharibika, hawajibiki kuilipa, isipokuwa kama kuna mkataba maalumu unaosema vinginevyo.

Hii ni kinga kubwa kwa mkodi wa gari. Lakini kinga hiyo hupotea kwa njia nne, na zote zimo mikononi mwake mwenyewe:

1. Uzembe. Ufunguo ulioachwa kwenye swichi wakati wa kushusha mzigo, au gari lililolazwa barabarani bila mlinzi, ni vigumu kuvitetea kama busara ya kawaida.

2. Matumizi yasiyokubaliwa. Ulikodi kwa safari ya Bagamoyo, ukaenda Tanga. Ulikubaliana kuendesha mwenyewe, ukampa shemeji. Madhara yakitokea katika matumizi hayo utalipa, hata kama ulikuwa mwangalifu.

3. Kuchelewa. Muda wa kurudisha gari ukipita kwa kosa lako, hasara inayotokea baada ya hapo ni yako. Gari la kurudishwa saa 12 jioni likiibwa saa 4 usiku uani kwako, uko mahali pabaya. Ukiona utachelewa, mpigie simu mwenye gari kabla ya muda kwisha, akubali muda wa nyongeza, nawe uwe na ujumbe wake wa maandishi.

4. Kusaini bila kusoma. Mikataba mingi ya kukodi ina mstari unaosema mkodi atalipa hasara yote kwa sababu yoyote ile. Ukishaweka sahihi, kinga ya sheria umeiuza. Omba mstari huo uondolewe, au uandikwe kwamba utalipa kwa uzembe wako tu. Mwenye gari akikataa, basi kodi iwe nafuu kulingana na mzigo wa hatari unaoubeba.

Ukikodi gari pamoja na dereva wake, mambo yanageuka. Gari liko mikononi mwa mwenyewe, na mali yako ndiyo iliyokabidhiwa kwao. Hesabu maboksi au magunia mbele ya dereva, andika idadi, naye asaini. Bila karatasi hiyo utabaki kubishana naye neno kwa neno.

GARI LINA BIMA IPI?

Stika ya bima huwafanya wengi watulie, nao wanakosea. Bima ndogo, ambayo ni ya lazima kisheria, huwafidia watu wengine walioumizwa na gari. Haimlipi mwenye gari lililoibwa, wala haikulipi wewe mwenye mzigo. Bima kubwa hulipa wizi wa gari, lakini kwa kawaida haigusi bidhaa zilizomo ndani. Tena, kama ilikatwa kwa matumizi binafsi wakati gari linakodishwa, kampuni inaweza kukataa madai.

Uliza mambo matatu: bima ni ndogo au kubwa, imekatwa kwa matumizi gani, na inakwisha lini. Uhalali wa stika unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Ikumbukwe pia kwamba kampuni ya bima ikishamlipa mwenye gari, inaweza kusimama mahali pake na kumdai aliyesababisha hasara kwa uzembe. Kwa hiyo bima kubwa ya mwenye gari haikupi wewe ruhusa ya kulala.

Kwa mzigo wako ipo bima ya mali iliyo safarini, ambayo unaweza kuikata kwa safari moja au kwa mwaka. Soma masharti yake juu ya gari lililoachwa bila mtu na juu ya usiku, kwa sababu hapo ndipo madai mengi hukwama.

KABLA YA KUPAKIA

Gari la kukodi lina udhaifu ambao gari lako mwenyewe halina: funguo zake zimepita katika mikono mingi. Madereva na wakodi waliotangulia wote walizishika, na kuchonga ufunguo wa ziada ni kazi ya dakika chache. Dawa yake ni kufuli lako mwenyewe. Nunua kufuli mbili imara, moja ya mlango wa nyuma na nyingine ya mlango wa pembeni wa kusukuma, na funguo zake zikae kwako peke yako. Kama gari halina vishikio vya kufuli, mwombe mwenyewe ruhusa ya kuvichomelea kwa fundi. Kufuli la usukani nalo hubebeka na kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine.

Muulize mwenye gari kama kuna swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta, na kama kuna kifaa cha GPS. Kama kipo, nani anakiangalia usiku? Kifaa ambacho hakuna anayekitazama mpaka asubuhi kitaonyesha tu gari lilikopitia.

Linganisha jina kwenye kadi ya gari na kitambulisho cha anayekukodisha, na nakala ubaki nayo. Piga picha gari pande zote, saitimira, taa, redio na tairi la akiba, mbele ya mwenyewe. Vitu hivi huibwa mara kwa mara, na picha ndizo zitakazoonyesha vilikuwepo au havikuwepo ulipolipokea.

NJIANI NA WAKATI WA KUSHUSHA

Kwenye foleni milango yote iwe imefungwa kwa ndani na ya nyuma kwa kufuli. Mtu akikuonyesha tairi kwamba lina pancha, usishuke hapo hapo ukaacha mlango wazi. Nenda taratibu mpaka kituo cha mafuta au mahali penye watu, kisha zima, funga, ukague. Huo ni ujanja wa siku nyingi: mmoja anakuonyesha tairi, mwenzake anafungua upande wa pili.

Wakati wa kushusha mzigo wawepo watu wawili: mmoja anabeba, mwingine hasogei mlangoni. Kama uko peke yako, funga kila unapoingia dukani, hata kama ni mara kumi. Vioo vya nyuma vifunikwe ili mpita njia asijue kilichomo.

USIKU

Kanuni bora ni gari lilale tupu. Shusha mzigo jioni hata kama unalipa kibarua wa ziada. Ikishindikana, laza gari kwenye maegesho yenye mlinzi na risiti, na uegeshe mlango wa nyuma ukiwa umebanwa na ukuta ili usifunguke. Risiti itunze, kwa sababu ndiyo ushahidi wako kwamba ulitumia busara ya kawaida.

WIZI UKITOKEA

Usiguse mlango uliovunjwa kabla ya kuupiga picha. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu upate namba ya RB, kisha mjulishe mwenye gari na kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Ukikaa kimya siku mbili ukitafuta mwenyewe mitaani, unampa kila mmoja sababu ya kukutilia shaka.

Ndugu msomaji, kufuli na mlinzi havimzuii kila mwizi. Lakini mkataba uliosomwa, picha, risiti ya maegesho na namba ya RB vikiwa kwenye bahasha moja, utaweza kuonyesha kwamba ulilitunza gari la mwenzako kama lako. Anza na mkataba ulio nao sasa: usome leo, utafute ule mstari wa hasara yote, na uzungumze na mwenye gari kabla ya safari ijayo.