MWARUBAINI WETU NI UPI?

Wengi katika sisi hapa Shela, tukipatwa na homa au upele, hukimbilia mwarubaini, mti uliotufikia kutoka Bara Hindi, ambao twausadiki hata tukaupa jina la maradhi arubaini. Lakini na tujiulize: unga wa majani tuuziwao katika karatasi, ni wa mwarubaini kweli?

Swali hili si la upuuzi. Mwarubaini una mti nduguye, Melia azedarach, ambao baadhi ya watu huuita mwarubaini nusu, na tunda lake ni sumu kwa mwanadamu. Jani likiwa zima, jicho latosha: la mwarubaini hugawanyika mara moja tu, la nduguye mara mbili au tatu. Likishasagwa, jicho halina hukumu tena.

Hapo ndipo ilimu ya zama hizi itufaapo. Kila mmea umebeba nasaba yake ndani ya chembe zake, nayo huitwa DNA. Imeandikwa kwa herufi nne tu, na mashine huzisoma kwa mpangilio wake. Mwaka 2009 wataalamu wa mataifa mbalimbali walichagua sehemu mbili za nasaba hiyo ziwe alama ya kutambulisha mimea. Mwaka 2012 wataalamu wa Bangalore, India, wakaitangaza nasaba ya mwarubaini wenyewe. Hivyo hata unga kidogo waweza kulinganishwa na mmea ambao jina lake limekwisha kuthibitishwa.

Lakini tusipite mpaka. Nasaba hutwambia mti ni upi. Haitwambii waponya nini, wala kipimo chake. Mwarubaini wa kweli nao una madhara: mafuta ya mbegu zake yamepata kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Ibnul-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248, alisafiri nchi kwa nchi akiichunguza mimea kwa macho yake. Basi sisi tuna udhuru gani?

Twawanasihi ndugu zetu: nunueni jani zima, si unga. Muuzaji asichanganye majani, kwani hiyo ni ghushi, na ghushi ni haramu. Na mtoto mwenye homa apelekwe kwanza hospitali akapimwe damu. Kupenda dawa za wazee si kosa. Kosa ni kunywa tusichokijua.