Kabla Hujanunua Lifti, Toboa Sakafu

Shemeji yangu alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya mzigo. "Shemeji, nimepata lifti ya nguzo mbili, tani nne, mpya kabisa, bei ya kutupa. Nichukue?" Nikamuuliza kenchi za gereji yake ziko juu kiasi gani. Kimya kidogo. "Za kawaida tu."

Za kawaida, kwa nyumba zetu nyingi hapa Dar es Salaam, ni kama mita 3 kutoka sakafuni hadi rinta ya juu. Nguzo alizonunua zilikuwa na mita 3.6. Lifti ikalala uani chini ya turubai masika nzima, kuku wakapata pa kutagia.

Nimeona wengi wakianza hivyo, kwa kuuliza tani na bei. Tani ndilo swali jepesi kuliko yote, na nitalifikia. Kwanza chukua futi kamba, drili na penseli, na ushughulike na chumba.

Labda hata kabla ya hapo ujiulize kama ni nguzo mbili unazozitaka kweli. Wengi tumeanza na jeki na mawe, halafu tukatamani shimo. Shimo ni rahisi, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutulia mle ndani, na cheche moja ya taa ya mkononi inatosha. Kwa sisi wa pwani kuna jambo la pili: ikifika Aprili shimo linageuka kisima. Lifti ya nguzo nne inafaa kuegesha gari moja juu ya jingine au kumwaga oili, ila gari linakaa juu ya matairi yake, na ukitaka kugusa shokapu unatafuta tena jeki ya kuweka juu ya lifti. Barabara zetu zinakula bushi, shokapu na boljointi. Lifti ya nguzo mbili hushika gari chini ya bodi au chasisi, matairi yote manne yakabaki yananing'inia, na hapo ndipo kazi yetu nyingi ilipo. Kama wewe kazi yako ni kumwaga oili mara tatu kwa mwaka, nunua rampu mbili za chuma na hela iliyobaki ipeleke kwenye bati.

Sasa kimo. Chukua gari refu kuliko yote utakayoinua, ongeza urefu wako mwenyewe ukiwa umevaa viatu vya kazi, ongeza kidogo cha kupumua. Probox ina kimo cha mita 1.5 hivi, mtu wa mita 1.75 anayetaka kusimama wima chini yake anahitaji karibu mita 3.4. Prado inafika mita 1.9 au pungufu kidogo, kwa hiyo ni mita 3.7. Hiace yenye paa la juu inakaribia mita 2.3, hiyo itakupeleka mita 4 na zaidi. Mjanja atasema bodi huanza sentimita 20 juu ya ardhi, kwa hiyo nimezidisha. Ni kweli, lakini boneti nayo hufunguliwa, na mlango wa nyuma wa Noah ukiuinua gari likiwa juu utakukumbusha hesabu hii.

Lifti zenyewe ziko za aina mbili hapa. Moja ina daraja chini, yaani kebo na bomba la haidroliki hupita sakafuni kutoka nguzo moja kwenda nyingine chini ya bamba la chuma lenye kimo cha sentimita 3 au 4. Nguzo zake ni fupi, nyingi hazifiki mita 3. Nyingine ina boriti juu, sakafu inabaki wazi, ila nguzo zinaanzia kama mita 3.6. Penye nafasi, chukua ya boriti ya juu. Lile bamba la chini halimsumbui mtu siku ya kwanza, lakini siku utakapotaka kusukuma gia boksi iliyo juu ya jeki ya magurudumu kutoka chini ya gari, utaliona. Ukichukua ya juu, hakikisha ule upau wenye swichi kwenye boriti umeunganishwa: paa la gari likiugusa, mota inazima. Nimekuta gereji ambako waya zake zilikatwa kwa sababu "zilikuwa zinasumbua".

Na kama nyumba ndiyo hiyo ya mita 3? Chukua yenye daraja chini na ukubali kutopandisha gari hadi mwisho. Kukaa kwenye kigoda cha magurudumu chini ya gari lililopanda mita 1.2 ni raha ukilinganisha na kulala chali juu ya katoni. Ama hamia nje na ujenge banda la bati lenye kimo unachotaka, kama shemeji alivyofanya mwishowe.

Upana ni hesabu fupi. Lifti nyingi za ukubwa huu zinahitaji karibu mita 3.5 kutoka nje ya nguzo moja hadi nje ya nyingine. Acha nafasi ya mtu kupita na kisanduku cha spana kila upande, chumba kisipungue mita 4.5. Kwa urefu, gari likae katikati na wewe uweze kuzunguka mbele na nyuma. Mita 7 inatosha magari mengi.

Tufike sakafuni, ambako nataka ukae muda mrefu kuliko kwingine.

Gari la tani 2 linaweka karibu tani moja kwenye kila nguzo, lakini uzito huo haukai juu ya nguzo. Unakaa kwenye ncha za mikono, mbali na nguzo. Kwa hiyo kila nguzo muda wote inataka kuinamia gari, na bolti za upande wa nyuma zinavutwa kwenda juu kama msumari unaong'olewa kwa nyundo ya kucha. Kinachozizuia ni zege tu. Likiwa jembamba au dhaifu, bolti haikatiki. Inatoka nzima ikiwa imebeba bonge la zege lenye umbo la pia.

Jamvi la nyumba zetu fundi atakwambia ni inchi nne. Usimbishie, toboa. Weka tundu dogo pale nguzo itakaposimama na uangalie vumbi: likitoka la kijivu, endelea, likigeuka jekundu baada ya sentimita 6, umeshafika kwenye kifusi na mazungumzo yameisha. Kupima unene, ingiza waya uliokunjwa ncha, uvute unase chini ya zege, weka alama kwa kidole. Miongozo ya viwanda hutofautiana: baadhi hukubali sentimita 10 za zege imara, mingine 15, mingine 20. Fuata wa lifti yako, si wa jirani. Vigae havihesabiwi, bamba la nguzo likae juu ya zege tupu.

Mimi kwenye nyumba ya kawaida sihangaiki na jamvi lililopo. Ninakata na kumwaga kipande kimoja kinachobeba nguzo zote mbili: urefu mita 4, upana mita 1.5, kina sentimita 25, nondo tabaka mbili zilizosukwa. Mchanganyiko ni mfuko mmoja wa saruji ya 42.5, mchanga kiasi cha mfuko mmoja na nusu, kokoto mitatu, na maji kidogo kuliko fundi anavyopenda. Hapo utamaliza mifuko 12 hivi ya kilo 50. Shindilia chini kabla, mwagilia juu wiki nzima, kisha subiri siku 28 ndipo utoboe. Fundi aliyenimwagia mimi alitaka kufunga bolti siku ya tano kwa kuwa "limeshakauka". Kukauka na kukomaa ni vitu viwili.

Kabla ya kuchimba, uliza aliyejenga kilichopita hapo chini. Nyumba nyingi zina tenki la maji la chini au karo la maji taka karibu na mlango wa gari. Udongo ukiwa ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi, mlipe mhandisi aje auone. Na kwenye sakafu ya ghorofa, sahau kabisa.

Sasa tani. Lifti ya tani 4 ina mikono minne, kila mmoja tani moja. Ndiyo maana huwezi kuinua gari zito mbele kwa kuitegemea jumla. Kwa gari za nyumbani tani 4 zinatosha: Probox ni tani 1 na kidogo, Noah tani 1.6 hivi, Land Cruiser pikapu tani 2.2 ikiwa tupu, na V8 ya mfululizo wa 200 haifiki tani 3. Neno ni "tupu". Pikapu iliyobeba mifuko ya saruji haipandi, hata lifti ikiwa na uwezo, kwa sababu hujui uzito umelalia wapi.

Kinachostahili macho yako zaidi ya tani ni mikono. Kirikuu na Vitz zinataka mikono inayofupika sana. Hiace ndefu inataka inayorefuka. Muulize muuzaji vipimo vyote viwili, na kimo cha pedi zikiwa chini kabisa, maana Mark X iliyoshushwa springi haitapita juu ya pedi ya sentimita 13. Kwa Land Cruiser utahitaji vinyanyulio vya kuongeza kimo ili pedi zifike kwenye chasisi bila mkono kugonga ngazi ya pembeni. Visipokuja ndani ya boksi, vinunue siku hiyohiyo. Usivibadilishe kwa kipande cha mbao.

Utaona pia nguzo zinazotazamana moja kwa moja na nyingine zilizogeuzwa kidogo, zenye mikono mifupi mbele na mirefu nyuma. Zilizogeuzwa hulisogeza gari nyuma, mlango wa dereva ukafunguka bila kugonga nguzo. Kwa saluni na gari ndogo ni nzuri. Pikapu na gari za chasisi ninazipendelea kwenye nguzo zinazotazamana. Kwa vyovyote, tafuta kitovu cha uzito: gari linalovutwa na matairi ya mbele, uzito wake uko karibu na usukani, la kuvuta nyuma, chini ya kiti cha dereva. Na ukishusha injini au difu ya nyuma, kitovu hicho kinahama gari likiwa juu yako. Weka stendi ndefu upande unaobaki mzito kabla hujafungua bolti ya kwanza.

Haidroliki hupandisha, kushikilia ni kazi ya loki za chuma. Ukishafika kimo unachotaka, shusha kidogo hadi loki zote mbili zikae, ndipo uingie chini. Kuna modeli ambazo kila nguzo ina kamba yake ya kufungulia loki, na nyingine unavuta upande mmoja. Kwa nyumbani napendelea kamba mbili: inakulazimisha uzunguke na kuangalia upande wa pili.

Hapa ndipo umeme unapoingia, na jambo hili wauzaji hawalisemi. Ili loki zifunguke, gari lazima kwanza lipande kidogo liziachie. Umeme ukikatika gari likiwa juu ya loki, halishuki. Litabaki juu hadi umeme urudi, na kama ndilo la kumpeleka mama kliniki asubuhi, utalala nalo hivyo. Mota nyingi za lifti hizi ni za kilowati 2.2, na zinapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Jenereta ya kuwashia taa na televisheni itazimika. Uliza kama pampu ina mpini wa dharura. Chagua mota ya njia moja, volti 230 na hezi 50, ikiwa nyumba yako haina umeme wa njia tatu. Lifti kuukuu kutoka Marekani hujengwa kwa hezi 60. Ipe laini yake kutoka kwenye bodi, isichangie soketi na friji.

Kuhusu karatasi: Marekani lifti iliyopimwa hubeba lebo ya Automotive Lift Institute, Ulaya kiwango ni EN 1493. Stika ya CE mtu yeyote anaweza kuchapa, kwa hiyo omba cheti chenye namba ya modeli ileile iliyogongwa kwenye nguzo. Kuukuu sizikatai, lakini ziwe na mwongozo, na ununue kebo, sili na slaida mpya kabla ya kuifunga. Bolti za sakafuni zisitumike mara mbili. Aliyeko Kigamboni au Bagamoyo akague kebo kila mwezi. Hewa ya chumvi huzila kutokea ndani, grisi ya juu ikiwa bado inang'aa.

Siku ya kufunga, simamisha nguzo kwa timazi, safisha vumbi ndani ya kila tundu kwa kupuliza, kaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango kilichoandikwa. Kisha chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Pandisha gari jepesi sentimita 30, toka, lisukume kwa nguvu mbele na nyuma, shusha, angalia mistari. Pandisha tena hadi juu bila mtu chini, liache saa moja kwenye loki. Rudia ukaguzi baada ya wiki. Mstari uliovunjika kwenye nati moja kaza na ufuatilie. Ikivunjika tena mistari ya bolti za nyuma, shusha gari na usilirudishe hadi zege litobolewe upya.

Gari la kwanza la shemeji lilikuwa Probox ya mdogo wake. Alikaa nje ya banda saa nzima na kiti cha plastiki, akitazama nati.