Anayekuhudumia Kabla ya Daktari: Afisa wa Kliniki Hupimwaje?

Mzazi anayefika hospitalini na mtoto anayekohoa, mara nyingi huhudumiwa kwanza na afisa wa kliniki. Wakazi wengi humwita "daktari", na hakuna ubaya. Hata hivyo, mafunzo yake ni tofauti na ya daktari.

Afisa wa kliniki husomea stashahada kwa miaka 3, wengi wakipitia Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu cha Kenya (KMTC). Baada ya hapo huwa mwanagenzi hospitalini kwa mwaka mmoja, akizunguka wodi za watoto, uzazi, upasuaji na magonjwa ya watu wazima. Kila anachofanya hukiandika kwenye daftari maalum, na msimamizi hutia sahihi baada ya kumwona akikifanya.

Kwa mfano, mtoto mwenye kikohozi. Msimamizi hutazama kama mwanagenzi amefunua kifua cha mtoto na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Anayehesabu sekunde 15 kisha kuzidisha kwa 4 amekosea, hata akikaribia jibu, kwa kuwa watoto wadogo hawapumui kwa mpigo mmoja. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Mtoto huyo huenda ana nimonia.

Akiwa hawezi kunyonya, amelegea au midomo imegeuka samawati, mwanagenzi anafaa kumwanzishia oksijeni na kumwita daktari papo hapo. Hili ndilo gumu zaidi kupima: kujua kazi yako inaishia wapi. Afadhali anayemwamsha daktari usiku wa manane bila sababu kubwa kuliko anayengoja kukuche.

Anayefaulu husajiliwa na Baraza la Maafisa wa Kliniki chini ya sheria ya 2017, na leseni yake hufanywa upya kila mwaka. Wengine hurudi chuoni kusomea utoaji wa dawa za usingizi au upasuaji wa mtoto wa jicho.

Mgonjwa yuko huru kuuliza jina na cheo cha anayemhudumia. Akiambiwa ni mwanagenzi, anaweza kuuliza pia msimamizi wake ni nani.