Usalama na Afya: Kila kipimo na boni yake

Ndugu mtumikaji, kila mwaka unaitwa kwenye dispanseri kwa vipimo. Wanakutoa damu, wanakupiga foto ya kifua, unapuliza ndani ya mashini ya mapafu, unavaa ekuteri kwa kupima masikio. Kisha unarudi kazini na kuwaza kwamba mambo yamekwisha. Bado. Inabaki safari moja ambayo wewe huioni: jibu linatoka ndani ya mashini na kwenda katika fishi yako. Hapo ndipo majibu ya watu yanapotea.

Zamani fishi ilikuwa karatasi. Leo mahali pengi iko ndani ya ordinateri. Munganga akitaka kipimo, anaandika boni humo, na ordinateri inaipa boni numero yake peke yake. Numero hiyo inachapwa kwa mistari myeusi kwenye karatasi ndogo, nayo inabandikwa juu ya kichupa cha damu. Mashini inasoma mistari, inapima, inarudisha jibu pamoja na numero ileile. Ordinateri inatafuta boni yenye numero hiyo na kuweka jibu chini yake. Hakuna mtu anayenakili hesabu kwa mkono. Ili mashini ya kiwanda hiki isikilizane na ordinateri ya kiwanda kile, wataalamu wa Marekani walianzisha mwaka 1987 chama cha HL7, ambacho kinatunga kanuni za ujumbe huo.

Boni isipokuwapo, jibu halina mwenyewe. Tuseme watu ni wengi, enfirmie anaona kuandika boni kunachelewesha, basi anawapima wote kwa mashini ya kubeba mkononi. Jioni mashini ina majibu 40, na kati yao kuna Ilunga watatu. (Ita "Ilunga!" mlangoni mwa mgodi, uone wangapi watageuka.) Nani atajua jibu hili ni la nani?

Ugonjwa wa vumbi la mawe, silikosi, unakuja polepole kwa miaka mingi. Munganga anaufuata kwa kulinganisha foto na pumzi ya mwaka huu na za miaka iliyopita. Majibu ya Ilunga mmoja yakiingia kwa mwingine, mgonjwa anaachwa ndani ya vumbi, na mzima anatolewa kazini bure. Na siku ya kudai haki ya ugonjwa wa kazi, fishi ndiyo shahidi.

Mashini ya mapafu inahitaji boni kwa sababu nyingine tena. Litri 3 za pumzi ni jibu zuri kwa mama mwenye miaka 40 na urefu wa sentimeta 155. Kwa kijana mwanaume wa sentimeta 185, ni alama ya hatari. Mashini haiwezi kuhukumu bila kujua umri, urefu, na kama ni mwanaume au mwanamke. Inavipata katika fishi kwa njia ya boni.

Vilevile sukari ya damu. Mashini nyingine zinaandika 126, nyingine 7,0, na yote mawili ni jambo moja: ya kwanza ni miligramu katika desilitri, ya pili ni milimoli katika litri. Ukiwa hujala tangu jana, hapo ndipo ugonjwa wa sukari unapoanza kuhesabiwa. Namba ikifika bila kipimio chake, itasomwa vibaya, na dereva wa gari kubwa la mgodi hatajua kwamba ni mgonjwa.

Kwa hiyo, mbele ya kupimwa taja jina lako lote, matrikule na tarehe ya kuzaliwa. Uliza kwa heshima: "Boni yangu iko?" Karatasi ya mistari ibandikwe mbele ya macho yako, si baadaye juu ya meza penye vichupa kumi. Ukiona jina la mwenzako, sema palepale, hata kama mstari ni mrefu.

Siku ya ajali hatungoji boni. Mgonjwa anapimwa kwanza. Lakini aliyempima aandike matrikule na saa, na boni ifanywe kabla ya zamu kwisha. Atazame pia saa ya mashini yenyewe: ikiwa inachelewa, jibu la asubuhi litaonekana kama la usiku, na munganga atafikiri mgonjwa anapata nafuu kumbe anazidiwa.