Je, Tafakari Hubadilisha Ubongo?

Huenda mmesikia maneno haya: keti kimya kila siku, tafakari kwa wiki 8, na ubongo wako utabadilika, hasira itakwisha na nyumba itatulia. Mke mwenye mume mkali akisikia hivyo hupata tumaini kubwa. Ni haki yake kujua kama tumaini hilo lina msingi. Tutazame wanasayansi wameona nini.

Picha za kwanza

Mwaka 2005, Sara Lazar na wenzake mjini Boston, Marekani, walipiga picha za ubongo wa watu 20 waliozoea kutafakari kwa miaka mingi, wakazilinganisha na za watu 15 wasiotafakari. Sehemu fulani za tabaka la nje la ubongo, zinazohusika na umakini na kuhisi hali ya mwili, zilikuwa nene zaidi kwa wale waliotafakari. Lakini angalieni: wachezaji wa mpira wa vikapu ni warefu, wala si mpira uliowarefusha. Huenda watu hao walikuwa hivyo tangu mwanzo.

Mwaka 2011, watafiti wa huko huko Boston walipiga picha kabla na baada ya mafunzo ya wiki 8. Waliofundishwa walikuwa 16 tu. Ongezeko lilionekana katika hipokampasi, sehemu inayotusaidia kujifunza na kukumbuka. Habari hiyo ilienea upesi.

Jaribio kubwa zaidi

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitoa matokeo ya watu 218 ambao hawakuwa na mazoea ya kutafakari. Waligawanywa kama kwa kura: wengine wakafundishwa kutafakari kwa wiki 8, wengine wakapewa mafunzo mengine ya afya, wengine wakasubiri. Picha hazikuonyesha kwamba tafakari ilibadilisha umbo la ubongo. Basi ahadi ya ubongo mpya kwa wiki 8 haijathibitishwa.

Faida iliyopo

Je, tafakari ni bure? Hapana. Mwaka 2014, uchambuzi wa majaribio 47 yenye watu 3,515 ulionyesha kwamba mafunzo ya kutafakari hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi. Hata hivyo, hayakuonekana kushinda dawa wala mazoezi ya mwili. Kwa hiyo anayetumia dawa asiziache bila kumwona daktari.

Nasi Wakatoliki tunayo sababu ya kufurahi. Mwaka 2001, uchunguzi wa watu 23 ulionyesha kwamba waliposali Salamu Maria za Rozari kwa Kilatini, pumzi zao zilipungua hadi karibu 6 kwa dakika, na mwili ukarekebisha msukumo wa damu vizuri zaidi.

Nyumbani kwenu

Mke anauliza, "Baba Fulani, karo ya watoto umelipa?" Mume, aliyetoka kazini amechoka, anasikia lawama. Hapo ndipo pumzi chache za taratibu zinafaa: zinampa nafasi ya kujibu swali badala ya kujibu uchovu wake. Lakini karo bado haijalipwa. Utulivu hufungua mazungumzo, hauchukui nafasi yake.

Tena, anayepigwa nyumbani asiambiwe anyamaze na kutafakari. Huyo anahitaji usalama na msaada wa watu wengine, na mapema.

Jaribuni hivi: kila jioni, kabla ya kuzungumzia pesa au watoto, ketini pamoja kimya kwa dakika 10, au salini pole pole. Msitazamie ubongo mpya. Tazameni kama maneno makali yanapungua.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni jambo gani hutufanya tujibizane kabla ya kusikilizana?
2. Ni saa gani ya siku tunaweza kutulia pamoja?
3. Je, kuna tatizo tunalolifunika kwa ukimya, ambalo linahitaji kuzungumzwa au kupelekwa kwa daktari au mshauri?