Usonji: Uchunguzi, Tiba ya Tabia na Nafasi ya Mzazi

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza tangu utotoni, nayo huathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, huku akishikilia mambo machache na kuyarudiarudia. Kwa familia nyingi za Gungu na kata jirani za Manispaa ya Kigoma Ujiji, kinachoanza kuitia nyumba wasiwasi ni mtoto kuchelewa kusema, ingawa huenda dalili nyingine zilitangulia bila kutiliwa maanani: haitiki aitwapo jina, haonyeshi kwa kidole boti inayopita ziwani ili mama naye aitazame, au akipewa kigari hukipindua na kuzungusha gurudumu lake kwa muda mrefu.

Mtaani maelezo hayakosekani, kwani wapo wanaotaja jini au uchawi, na wapo wanaomlaumu mama kwa kumchanganyia mtoto Kiha na Kiswahili. Kukua katika lugha mbili hakuleti usonji, wala chanjo hazileti. Makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu juu ya chanjo ya surua ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha, The Lancet. Hata lawama kwa mama si ya Kigoma peke yake, maana katikati ya karne ya 20 wataalamu wa Marekani na Ulaya walidai kwamba usonji hutokana na mama asiyeonyesha upendo, dai ambalo utafiti ulilikanusha baada ya kuumiza wazazi wengi. Malaria kali iliyopanda kichwani ni jambo jingine, kwa kuwa inaweza kuudhuru ubongo, hivyo mzazi ambaye mtoto wake alipoteza maneno baada ya homa na degedege hana budi kumweleza daktari. Aliyeanzia kwa shehe kusomewa dua hana sababu ya kuficha hilo hospitalini. Linalodhuru ni kuchelewa, pamoja na dawa za kunywesha zisizojulikana.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayothibitisha usonji. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza, huuliza historia yake tangu mimba, na kwanza huhakikisha kwamba masikio yanasikia, kwa sababu kiziwi naye haitiki aitwapo. Safari huanzia kliniki ya mama na mtoto, hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, na rufaa inaweza kuifikisha familia Muhimbili, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli. Kusubiri safari hiyo kusiwe sababu ya kuacha kumfundisha mtoto, kwani mengi yanayofaa baada ya uchunguzi yanafaa hata kabla yake.

Tiba ya tabia ni utaratibu wa kufundisha stadi kwa hatua ndogondogo, ambapo kila hatua inayofanikiwa hufuatwa papo hapo na kitu anachokipenda mtoto. Kwa mfano, mtoto anayelia na kumvuta mama mkono kila anapotaka maji huwekewa kikombe mahali anapokiona lakini hakifikii; mama huchuchumaa mbele yake, hutaja neno “maji,” humsaidia kunyoosha kidole kuelekea kikombe, kisha humpa maji mara moja, na siku zinavyokwenda msaada wa mkono hupunguzwa. Sehemu ya pili ya tiba ni kuchunguza kilichotangulia tendo na kilicholifuata. Mtoto anayejitupa chini kila apitapo penye mashine ya kusaga unga huenda masikio yake hayastahimili ule mngurumo, na hapo dawa ni kubadili njia au kumziba masikio, si fimbo.

Suala la adhabu lina historia yake. Utafiti wa Ivar Lovaas wa mwaka 1987 huko Marekani, uliowapa watoto mafunzo ya saa 40 kwa wiki, ulijumuisha kukemea na hata kupiga kofi pajani, mbinu ambazo leo zinapingwa vikali, na watu wazima wenye usonji wamekuwa mstari wa mbele kuzilaumu. Lengo la tiba ni mtoto aweze kuomba, kukataa na kujihudumia. Kumfanya atulie tu ili wageni wasishangae ni kuwatibu wageni.

Mama anayewahi mwaloni Kibirizi alfajiri kununua dagaa hana saa 40, wala hazihitajiki. Mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, yaliyotungwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 9 na kwa mazingira yenye wataalamu wachache, yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na hutumia kuoga, kula na kucheza kuwa ndiyo nafasi za kufundishia. Bibi, kaka na dada wakifuata utaratibu uleule, mtoto hujifunza upesi zaidi kuliko kila mmoja akiwa na wake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu. Siku ya kumwandikisha shule, mzazi afike na taarifa ya hospitali, pamoja na karatasi moja inayomweleza mwalimu namna mtoto anavyoomba kwenda chooni, sauti zinazomtaabisha na kitu kinachomtuliza.